Beji ya Miezi Saba

Tarehe 8 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima wa afya, ukiacha hilo sikio la kushoto lililostaafu kabla yako. Nimekupigia simu mara tatu wiki hii. Mara ya tatu ulisema "Leo sinunui kitu" ukakata. Basi nimerudi kwenye kalamu, kama zamani nilipokuwa bweni na wewe ukinitumia barua zenye noti ndani ya soksi.

Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua lakini hataki kusikia habari za fimbo, anasema fimbo ni za wazee. Mume wangu bado yuko na kazi yake ya kupima viwanja, anaondoka Jumatatu anarudi Ijumaa na viatu vimejaa vumbi. Mimi niko palepale maabara, nahesabu nukta.

Sasa nije kwenye kilichonileta. Unakumbuka nilikwambia tunachunguza watu waliofanya kazi kwenye vyumba vya eksirei, wale waliopata mionzi kidogo kidogo kwa miaka, pamoja na watoto wao? Hospitali yenu ya zamani imetupa madaftari ya dozi. Yalikuwa stoo, juu yake wamepanga ndoo za rangi. Nilipofungua la kwanza nikakutana na mwandiko wa Baba, ule unaolala kana kwamba umeegemea ukuta. Beji ya kupima mionzi namba nne, jina lako. Beji namba tano, jina lake. Shangazi, nililia mbele za watu. Miaka kumi na minne tangu azikwe, na wino haujapauka.

Ya Baba ni sifuri kila mwezi, kama nilivyotarajia. Mtu wa chumba cha giza angepata wapi mionzi? Kazi yake ilikuwa kusafisha picha tu. Nilifurahi, maana imenirahisishia jambo. Kila jaribio linahitaji damu ya mtu ambaye wazazi wake hawakuguswa na mionzi, iwe ya kulinganishia. Damu iliyo karibu nami ni yangu mwenyewe, kwa hiyo mwaka wa pili huu ninajitoboa. Chupa yangu imebandikwa neno moja: KAWAIDA.

Yako ndiyo iliyonishtua. Mwaka uliombeba Kaka Msumari, beji yako ndiyo ya juu kuliko zote pale idarani, kuanzia Machi. Si dozi ya kutisha, usihofu. Lakini mama mjamzito pamoja na mtoto wake, wote wako hai, wote wazima: watu kama ninyi ni adimu sana. Naomba damu yako na ya Msumari, kijiko kimoja cha chai kwa kila mmoja. Nitatuma mtu na sindano, au mje wenyewe.

Mwambie Msumari ile stuli aliyonichongea bado haijayumba.

Mimi mwanao,
Chiriku


Tarehe 2 Februari

Chiriku mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika siku kumi zilizopita nikaiweka chini ya redio. Usiniulize kwa nini nimechelewa, nilikuwa na kazi. Nilikuwa nikipanga vifungo.

Mimi mzima. Msumari mzima, ana oda ya madawati sitini ya shule na gundi imemganda mpaka kwenye nyusi. Wifi yangu mwambie asijidanganye, fimbo ataishika tu, na mimi nitakuwa wa kwanza kumcheka.

Umenirudisha mbali na hayo madaftari yako. Nimeiona idara yote: benchi la bluu lililopungua mguu mmoja, aproni za risasi za kuzuia mionzi zimening'inia ukutani nzito kama madeni, na mimi nyuma ya kioo naita, "Vuta pumzi! Shikilia! Haya, pumua." Ukuta wa pili ndio chumba cha giza, taa nyekundu, mapipa ya dawa, picha zinachuruzika kwenye kamba kama nguo, na baba yako humo ndani anapiga mbinja. Nilikuwa najua picha imetoka vizuri au vibaya kwa mbinja yake. Ikitoka nzuri alipandisha sauti. Ikiharibika alinyamaza, halafu akatoa kichwa mlangoni: "Mdogo wangu, mgonjwa wako ana vichwa viwili." Nacheka peke yangu hapa.

Na wewe ulikuwa unakuja ukitoka shule, unakaa juu ya pipa tupu, maswali kama mvua. "Mfupa unaonaje gizani?" Ndiyo tukakuita Chiriku. Eti leo wewe ni KAWAIDA! Tangu lini? Aliyebandika hiyo karatasi hajakusikia ukiongea.

Kuhusu damu, niache. Yangu imechoka, na Msumari anaogopa sindano, akiona moja anaanguka na urefu wake wote. Tafuta watu wengine. Idara ilikuwa na beji sita, kwani lazima namba nne?

Msalimie mkwe wangu, afute viatu.

Shangazi yako


Tarehe 20 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo tena. Mama amecheka hayo ya fimbo, halafu akasema "mwambie naye anunue sikio". Mfikishiane wenyewe, mimi si tarishi.

Msumari haogopi sindano. Mwaka jana alijishona kidole mwenyewe kwa uzi wa kushonea magodoro akanitumia picha. Kwa hiyo nadhani unaogopa kitu kingine, na labda kosa ni langu kwa kutokueleza. Ngoja nieleze.

Ndani ya kila seli kuna uzi mrefu wa DNA, umesokotwa nyuzi mbili. Mwonzi ukipita unaweza kuukata. Ukikatika upande mmoja, seli inatazama upande mzima inaiga, inaunga, haina shida. Zikikatika pande zote mbili ndipo kuna kazi, kwa sababu mafundi waliomo humo wakikosea kuunga, kosa linabaki, na seli ikizaliana linarithiwa. Hilo ndilo badiliko la vinasaba tunalolitafuta. Lakini mafundi hao ni hodari mno. Mimi naweka damu kwenye mashine, naipa mionzi kidogo, naitia rangi, na kila penye mkato panang'aa nukta ya kijani. Baada ya nusu saa nahesabu. Kesho yake nahesabu tena, na nukta nyingi zimekwisha. Kila mara nafurahi kama mtoto. Tusichokijua vizuri ni dozi zile ndogo sana: kama mafundi wanaamka kwa kelele ndogo vilevile, au wanaendelea kulala na mikato michache ikabaki. Ndiyo sababu nawataka ninyi.

Sitafuti ubovu wa mtu. Sitaki kumwambia Msumari kwamba ana kasoro. Nataka kuona anavyojiunga.

Kuna jambo jingine, nalo nakuuliza tu. Msumari alizaliwa tarehe tisa Agosti, keki ya siku hiyo nimeila miaka yote. Daftari la likizo linasema ulikuwa nyumbani unaumwa mgongo kuanzia mwisho wa Julai mpaka Oktoba. Lakini beji namba nne ilipata mionzi Agosti yote na Septemba yote. Wewe ulikuwa kitandani na mtoto, beji yako ilikuwa kazini. Nani alikuwa ameivaa?

Labda ni kosa la karani. Nijibu tu.

Mwanao,
Chiriku


Tarehe 4 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Wiki sita sijapata neno. Nimempigia Msumari, anasema u mzima, unakula, unagombana na redio, ila ukiona bahasha yangu unatoka nje kumwagia maua ambayo hayapo. Kama nimekukosea kwa lile swali, nisamehe. Sitaki damu inikoseshe shangazi.

Huku kazi inasonga. Mkataba wangu unaisha Desemba na mkuu wa maabara ameshasema atakayekatiza kazi katikati, utafiti wake atapewa mwingine. Kwa hiyo nakazana. Chumba cha mashine siku hizi siingii, kuna mwenzangu tunamwita Mrefu ananishikia zamu. Kijana mwema sana. Anaivaa na beji yangu ili hesabu isikatike, mkuu asije kuuliza. Ni mpaka mambo yakae sawa, miezi michache tu.

Nachoka kidogo na asubuhi sipendi harufu ya chai, lakini hali ya hewa nayo imebadilika. Usiwe na wasiwasi nami.

Niandikie hata mstari mmoja wa matusi.

Chiriku


Tarehe 9 Aprili

Wewe Chiriku!

Sina salamu leo, nitasalimia mwishoni. Msumari nimemtoa kwenye madawati yake, yuko mlangoni na kofia mkononi anasubiri kuipeleka hii posta.

Miezi mingapi? Usinizunguke. Hupendi harufu ya chai, huingii chumba cha mashine, na mwanamume mwema anavaa beji yako ili mkuu asijue. Unadhani mimi nimezaliwa jana? Hiyo barua yako ningeweza kuiandika mimi, miaka thelathini na nne iliyopita, neno kwa neno. Nilipofika kwenye huyo Mrefu wako nilikaa sakafuni.

Haya. Umeuliza nani aliivaa beji namba nne. Aliivaa baba yako.

Nilikuwa kwenye mwaka wa majaribio. Mwanamke mwenye mimba alikuwa anaondolewa kwenye mionzi, na kama ni wa majaribio anaondolewa moja kwa moja. Baba yake Msumari alikuwa amesafiri, na unajua alivyosafiri, mpaka leo hajafika. Nilimwambia kaka yangu kwenye chumba cha giza, taa nyekundu imewaka, ili nisiuone uso wake. Alimaliza picha aliyokuwa ameshika, akaitundika, akafuta mikono. Halafu akanyoosha mkono akanifungua beji kifuani, akaibandika kwake. Yake akaitia kwenye kopo la risasi tulilowekea filamu. "Wewe kaa humu," akasema. "Humu hakuna kitu kitakachomgusa. Mimi kupiga picha najua, nimekusikiliza ukutani miezi yote hii."

Hakujua! Siku ya kwanza alisema "Vuta pumzi, shikilia," akapiga picha, akafurahi, akasahau kusema "pumua". Mzee wa watu alikaa pale amevimba mashavu mpaka nikagonga ukuta. Nimecheka humo gizani mpaka mtoto akapiga teke. Lilikuwa teke lake la kwanza.

Kuanzia Machi tukabadilishana hivyo. Mimi nasafisha picha, yeye nyuma ya kioo, na kioo chenyewe kilikuwa na ufa. Na watoto wadogo wasiotulia aliwashikilia kwa mikono yake, mbele ya mashine, kwa sababu mimi nilikuwa nafanya hivyo naye aliona ndiyo kazi inavyofanywa. Nilipojifungua aliendelea kuivaa ileile namba nne, alishaizoea. Kosa hilo umeliona wewe tu, katika watu wote. Nilirudi Oktoba. Akanirudishia beji, akarudi kwenye mbinja zake, na hatukulisema tena.

Sasa sikiliza. Wewe ulizaliwa Juni ya mwaka uliofuata. Hesabu mwenyewe, wewe ni msomi. Wifi alipata mimba yako wakati baba yako anapigwa na mionzi yangu. Siku uliyozaliwa nilikuhesabu vidole mara nne mpaka nesi akanifukuza. Ukipata homa, silali. Ulipochelewa kutembea mwezi mmoja sikula. Halafu baba yako akaugua saratani ya damu. Ya damu, Chiriku. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa gizani isipokuwa miezi saba, na hiyo miezi ilikuwa yangu. Nilikwenda wodini nimejikaza nimwombe radhi. Nikasema, "Kaka, zile siku za beji." Akanitazama, akasema, "Beji gani? Sikumbuki." Alikuwa anakumbuka. Alikuwa anajifanya, ili nisimalize sentensi.

Kwa hiyo nilikataa damu yangu kwa sababu ingekuja safi, ungeuliza kwa nini. Na sikutaka uitazame yako. Nimeogopa hivyo tangu ulipopata hiyo kazi.

Mfuate Mrefu leo, mvue hiyo beji. Hata kama mionzi yenu ni midogo kama chembe ya chumvi. Hujui utamwambia nini baadaye, wala atakayeugua ni nani, wala sababu yake ni ipi. Utabaki unahesabu vidole vya watoto wa watu. Mwambie mkuu wako. Akikufukuza njoo huku, utauza madawati.

Msalimie Mama. Usimwonyeshe hii mpaka nife, au mwonyeshe, sijui. Amua wewe.

Shangazi yako


Tarehe 29 Mei

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimechelewa, najua umeshamwagia maua yote yasiyokuwepo. Sikutaka kukuandikia kabla sijawa na la kukwambia.

Kwanza, ni miezi minne na nusu. Umeshinda. Siku ileile barua yako ilipofika nilimvua Mrefu beji. Alishangaa, akasema mbona mashine yetu imezungukwa na ukuta wa risasi, kinachopenya hata hakihesabiki. Ni kweli. Nikamwambia siyo hilo. Nikaenda kwa mkuu nikamweleza yote, na miezi miwili ya dozi ya uongo nikaifuta mbele yake kwa kalamu nyekundu. Alinigombeza kama mtoto. Halafu akasema mashine atashika Mrefu kwa jina lake mwenyewe, mimi nibaki kwenye darubini. Utafiti bado ni wangu. Mkataba sijui, Desemba ikifika tutajua.

Nimemwonyesha Mama. Alisoma mara mbili, akavua miwani. Akasema, "Nilijua kuna kitu. Mwaka ule alikuwa anaota usingizini anasema vuta pumzi." Halafu amesema nikuambie fimbo amenunua na unaruhusiwa kumcheka.

Sasa Baba. Sitakudanganya, ungejua. Dozi ya miezi ile saba iko kwenye daftari na ni ndogo. Uwezekano unaoongezeka kwa dozi ya namna hiyo ni kidogo sana, lakini siwezi kukuapia kwamba ni sifuri, na hakuna mtu awezaye. Wengi wanaougua ugonjwa ule hawajawahi kusimama karibu na mashine yoyote. Hakuna kipimo ambacho kingeniambia kwamba ni ile miezi au si ile. Umeibeba miaka yote hii kama kitu unachokijua, Shangazi, na hukijui. Yeye mwenyewe alijua alichokuwa anafanya kuliko unavyomdhania. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari amenakili kwa mkono wake kanuni za watumishi wajawazito, zote, mpaka namba za vifungu. Tarehe aliyoandika ni ya Februari. Alikuwa ameshakuona kabla hujamwambia.

Na mimi. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiitazama damu yangu nikiiita ya kawaida, na mimi ndiye mtoto wa mtu aliyepigwa. Nilipoisoma barua yako niliacha kazi nyingine zote. Nikafunga mlango, nikatoa slaidi zangu zote, ishirini na sita, nikazipanga mezani, nikazihesabu upya kuanzia ya kwanza. Baada ya nusu saa nina nukta kama wenzangu. Kesho yake zimekwisha kama za wenzangu. Mafundi wa Baba wako kazini, Shangazi. Hawajakosa hata zamu moja niliyowachungulia. Kisayansi damu ya mtu mmoja haithibitishi kitu, na nimeshajitoa kwenye orodha ya kulinganishia, Mrefu ndiye anayetobolewa sasa, na analalamika. Waliofuatilia watoto wengi wa watu kama Baba nao hawajaona ongezeko la madhara wanaloweza kulisimamia. Bado tunatafuta. Lakini wewe hukuuliza sayansi. Ulihesabu vidole vyangu mara nne, nami nimehesabu nukta zangu mara ishirini na sita. Inatosha.

Lile daftari nataka kulisahihisha. Miezi saba itoke kwenye mstari wako iende kwenye mstari wake. Siwezi bila idhini yako, na Msumari itabidi ajue.

Haya, Shangazi. Pumua.

Chiriku wako


Tarehe 15 Juni

Chiriku mwanangu,

Marahaba, na hongera, na nyamaza kidogo mtu mzima aongee.

Barua yako nimeisomea uani, kwenye kigoda. Nilipofika hapo kwenye kanuni za wajawazito niliiweka chini nikalia kwa sauti, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta akidhani nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, nimefiwa, miaka kumi na minne iliyopita. Akaenda zake. Kumbe alikuwa ameshaniona! Na mimi nilimsubiri siku tisa nikitafuta maneno, naye ameshanakili vifungu, anapiga mbinja tu kama mtu asiye na habari. Nimemkumbuka kaka yangu, mwanangu. Nimemkumbuka bila kuogopa, kwa mara ya kwanza tangu wodini.

Kile kibandiko cha KAWAIDA, kama hukukitupa, nitumie. Nataka kukibandika kwenye fremu, ile picha uliyopakatwa na yeye mlangoni pa chumba cha giza, wewe huna jino, yeye amefumba macho kwa sababu ya jua. Nimeitazama picha hiyo miaka yote nikitafuta kasoro.

Msumari nimemwambia Jumapili. Nilimkalisha, nikamwambia avute pumzi, nikamwambia yote. Alikuwa anakwangua gundi kwenye kucha. Akauliza kitu kimoja: "Mjomba alikuwa anajua anachokivaa?" Nikasema ndiyo, kila asubuhi. Akainuka akaenda karakana. Madawati ya watu ameyasukuma pembeni, anachonga kitanda cha mtoto, ana siku ya nne sasa, na hajaniambia ni cha nani.

Lisahihishe daftari. Andika jina lake kwa wino, hiyo miezi ni yake.

Jumatatu ijayo tunapanda basi wote wawili kuja kutoa damu. Kitanda kitakuja juu ya keria. Andaa sindano nyembamba, na kiti cha Msumari kiwe na mikono, maana kuhusu kuanguka sikukudanganya.

Shangazi yako